Motokaa ya Zamani Ikisha Kurudi Safarini

Motokaa ikitoka Kitale alfajiri, ikateremka hadi Bungoma na kurudi, ikateremka tena na kurudi tena mpaka jua likachwa, kisha ikafika nyumbani inanguruma vema, watu wengi husema ya kuwa imefaulu mtihani wake. Mwenyewe hufurahi, huizima, na asubuhi yake hufungua kifuniko cha mbele na kuosha injini kwa maji na sabuni. Kwa tendo hilo la usafi huwa amefuta karibu ushahidi wote aliokwenda kuutafuta. Motokaa ya miaka sitini huendeshwa safari ndefu ya kujaribiwa ili ijulikane ni kitu gani kilichokaribia kuizuia isirudi, na habari hiyo imeandikwa kwa masizi, kwa vumbi la shaba na kwa alama ndogo za moto mahali ambapo jicho la haraka haliwezi kuziona. Zaidi ya yote imeandikwa katika vyombo vya umeme na vya cheche, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyosimamisha gari ghafla, na ndivyo vinavyoweza kuliteketeza.

Watu wa Afrika ya Mashariki walifundishwa jambo hili na barabara zao wenyewe. Mwishoni mwa mwezi wa Mei, mwaka 1953, yalianza mashindano ya Coronation Safari, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ile ya kwanza magari yalikuwa ya namna ile ile iliyouzwa madukani, nayo yalipangwa kwa vikundi kwa kufuata bei yake. Mwaka 1960 mashindano yakaitwa East African Safari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, na yaliyofika mwisho ni 7 tu. Mwaka 1968 ikawa vivyo hivyo, yakamaliza 7. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, yaani 1966 na 1967, gari la aina hiyo hiyo lilishinda mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Naye Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kabla hawajaichukua. Tangu mwaka 2003 yamefanyika pia mashindano ya East African Safari Classic, ambayo ni ya magari ya zamani peke yake.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mtu wa Trans Nzoia au wa Bungoma anayetunza motokaa ya zamani mara nyingi hutunza Peugeot. Model 404 ilitengenezwa Ufaransa toka mwaka 1960 hadi 1975, na katika miaka ya 1970 na 1980 Peugeot zenye viti vya nyuma zilijulikana sana kwa kuchukua abiria wa magharibi kwenda Nairobi. Basi na tuichukue 404 iwe mfano wetu. Tuseme ya kuwa mwenyewe anataka kujua kama inaweza kuaminiwa kuchukua jamaa zake hadi Nairobi na kurudi, nusu ya safari ikiwa usiku. Ameiendesha siku nzima kati ya Kitale na Bungoma, kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, akichepuka mara kwa mara katika njia za udongo za mashamba ya mahindi na ya miwa. Tuseme tena ya kuwa mara mbili tu, katika mpando wa kurudi Kitale, injini ilikohoa, ikanyamaza kwa muda wa kufumba jicho, kisha ikaendelea kama kwamba hapakutokea neno.

Dereva wengi wangelisahau kikohozi hicho kabla ya kufika Kiminini.

Njia hii ni shule nzuri, si kwa ubaya wake bali kwa sababu ya mpando wake. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya Bungoma kwa kiasi cha asilimia 5, lakini kabureta ya zamani haina akili ya kulitambua jambo hilo. Hutoa petroli kama ilivyozoea. Gari lililorekebishwa likaenda vizuri Bungoma huweza kuonyesha plagi nyeusi likifika Kitale, na fundi akadhani ya kuwa cheche ni dhaifu. Kwa hiyo kabla ya kufungua kitu chochote, yapasa iandikwe gari lilirekebishiwa wapi, lilimalizia wapi, na saa ya mwisho lilikuwa likipanda au likishuka. Mvua nayo iandikwe. Pande za Kitale mvua kubwa ya alasiri hupiga ghafla, na maji yakirushwa na gurudumu juu ya vyombo vya cheche hutoa habari ambayo siku ya jua haitaitoa.

Kazi ya kwanza hufanywa injini ikiwa bado moto, tena inazunguka. Hitilafu nyingi za umeme hujificha chombo kikipoa: waya uliokatika ndani ya ngozi yake hugusana tena, na koili iliyochoka hupata nguvu. Fundi aweke kipimo cha volti katika nguzo mbili za betri, taa kubwa zikiwa zinawaka na injini ikizunguka upesi kidogo. Ikisomeka volti 14 au karibu yake, uchaji ni mzuri. Ikizidi 15, betri inachemshwa; ikiwa 12 na kushuka, gari lilikuwa likila akiba yake, na lingekwenda mpaka lini ni jambo la kuhesabu kwa saa. Kisha kipimo kihamishwe mpaka kwenye koili. Tuseme katika betri pana volti 14, na katika koili 12.8. Volti 1.2 zimepotea njiani, katika swichi ya ufunguo au katika viungo vya waya, na mahali zilipopotea pamekuwa jiko dogo. Kwa kupapasa viungo kimoja kimoja kwa uangalifu, chenye moto kuliko wenzake ndicho chenye lawama. Nyaya nene zinazopeleka cheche kwenye plagi zisiguswe wakati huo. Zina volti elfu nyingi.

Giza likiingia, yafaa taa za banda zizimwe na injini iachwe ikizunguka dakika chache. Penye ufa katika nyaya za plagi au katika kifuniko cha distribyuta huonekana vimulimuli vya rangi ya buluu. Ukipuliza ukungu mwembamba wa maji kwa mbali, huongezeka. Hakuna chombo cha ghali kinachoshinda macho mawili gizani katika jambo hili.

Hapo injini izimwe, na plagi zitolewe zikisha kupoa kiasi. Ni lazima zipangwe juu ya kitambaa kwa namba za silinda zake, 1, 2, 3, 4, na kila moja ifungwe kikaratasi. Plagi nne zilizochanganywa katika kopo ni takataka tu. Katika 404 plagi zimekaa ndani kabisa, chini ya mirija mirefu inayopita katika kichwa cha injini, na mirija hiyo hukusanya maji na mafuta. Kwa hiyo achungulie kwanza kwa tochi kabla ya kufungua. Mrija mmoja ukiwa na mafuta chini, mpira wake umekwisha, na cheche ya silinda hiyo huweza kuteleza nje ya plagi badala ya kuruka ndani. Mrija wenye vumbi uanze kupulizwa, la sivyo mchanga wa Misikhu utaingia ndani ya silinda.

Rangi ya ncha ya plagi husomwa kama barua. Kahawia hafifu au kijivu ni dalili ya afya. Nyeusi kavu ya masizi yaonyesha petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye kulowa mafuta yaonyesha pete za pistoni au vali zimechakaa, na hapo umeme hauna kosa. Kauri nyeupe sana yenye vijipele, au ncha zilizoanza kuyeyuka, ni jambo la hatari: moto unawaka mapema mno, au petroli ni haba. Lakini barua hii ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni kwamba injini isiachwe kunguruma polepole nje ya nyumba robo saa kabla ya kuzimwa, maana masizi ya dakika hizo hufunika habari ya siku nzima. Mafundi wa mashindano huzima injini ikiwa inafanya kazi, mwishoni mwa mpando, mahali palipo wazi na salama, usukani ukiwa haukufungwa.

Sharti la pili watu wengi hawalifikiri. Vitabu vya zamani vya ufundi, ambavyo bado vinauzwa vichakavu kandokando ya njia, vina picha za plagi zilizotumia petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, pamoja na Kenya, ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Petroli isiyo na risasi huacha rangi hafifu sana. Fundi anayeifananisha plagi ya leo na picha ya mwaka 1965 huiona nyeupe, akadhani injini inaungua, akaongeza petroli isiyohitajiwa. Plagi nne zifananishwe zenyewe kwa zenyewe. Tatu zikiwa sawa na moja mbali, ile moja ndiyo yenye maneno.

Katika motokaa ya mfano wetu plagi zote nne zina rangi moja ya kijivu. Kwa hiyo kikohozi cha mpandoni hakikutoka katika silinda moja. Kilizikamata zote pamoja. Hilo latupeleka nyuma, mahali ambapo njia nne zinakuwa njia moja, nako ni kwenye distribyuta, koili na waya unaozilisha.

Yafaa kueleza kwa maneno machache kazi ya vyombo hivi. Betri hutoa volti 12, ambazo haziwezi kuruka hata upana wa ukucha. Umeme huo hupita katika koili na katika pointi mbili ndogo zinazogusana ndani ya distribyuta. Pointi zikiachana, mkondo hukatika ghafla, na kwa kukatika huko koili huzaa nguvu ya volti elfu kumi na zaidi, zinazopelekwa na rota kwenye plagi ya zamu. Mfumo huu wa betri na koili ulianza kuenea baada ya Mmarekani Charles Kettering kuutengeneza kwa ajili ya magari ya Cadillac, karibu na mwaka 1910. Haukubadilika sana mpaka vyombo vya elektroniki vilipoanza kuuondoa katika magari mapya ya miaka ya 1970 na 1980. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000 katika dakika hiyo. Siku ya saa kumi njiani ni mara milioni tatu na laki sita. Ni kazi hiyo yote iliyofanywa na kijiti kidogo kinachosuguliwa na chuma, na kwa hiyo si haki kumlaumu kijiti kwa kuchakaa. La haki ni kumpima.

Nafasi ya pointi ipimwe kabla ya kuzisafisha. Katika gari la namna hii ni karibu milimita 0.4. Ikiwa kabla ya safari iliandikwa 0.40 na sasa ni 0.33, kile kijiti kimelika, na moto umechelewa, kwa sababu pointi zenye nafasi ndogo hufunguka baadaye. Gari hupoteza nguvu mpandoni na kupata moto kupita kiasi, wala halionyeshi ishara nyingine. Milimita saba za mia katika siku moja ni nyingi mno; ama kijiti hakikupata grisi, ama chuma kinachokisugua kina kutu. Kisha nyuso za pointi zitazamwe kwa kioo cha kukuzia. Kijivu kisichong'aa ni kawaida. Kilima upande mmoja na shimo upande wa pili ni dalili ya kuwa kondensa hailingani na koili. Buluu iliyoungua ni kondensa iliyokufa au mafuta yaliyoingia. Fundi anayepitisha msasa juu yake kabla ya kutazama huwa amechoma cheti cha daktari.

Kifuniko cha distribyuta kipanguswe nje kwa kitambaa kikavu tu, na ndani kisiguswe kwanza. Hutafutwa mstari mweusi mwembamba kama unywele kutoka nguzo moja hadi nyingine, au kutoka nguzo hadi ukingoni. Mstari huo ni njia ambayo umeme umejichongea wenyewe, na haufutiki. Kifuniko chenye mstari hutupwa. Kipande cha kaboni katikati kibonyezwe kwa kidole, nacho kirudi chenyewe. Rota itazamwe ncha yake: kuungua kidogo ni halali, lakini shaba iliyolika upande mmoja yaonyesha mhimili wa distribyuta unayumba. Mhimili ushikwe na kusukumwa kando. Ukicheza kwa kuonekana, nafasi ya pointi haina maana hata ingewekwa na malaika.

Sasa tufike kwenye kile kikohozi. Katika distribyuta nyingi za miaka ile bamba linalobeba pointi hugeuka kidogo mbele na nyuma, likivutwa na kifaa kinachofuata mvuto wa hewa wa injini. Dereva akikanyaga sana mpandoni bamba hurudi. Akiachia, huvutwa tena. Waya mfupi laini, usiozidi urefu wa kidole, hupeleka umeme kwenye bamba hilo na kupinda kila mara linapogeuka. Baada ya miaka mingi nyuzi zake za shaba hukatika moja moja ndani ya ngozi, na nje waya huonekana mzima kabisa. Zikibaki nyuzi mbili au tatu, gari huenda kutwa nzima bila taabu, isipokuwa bamba likigeuka kwa namna fulani, wakati joto limezidi. Hapo nyuzi huachana kwa nukta moja, cheche za silinda zote nne hukosekana pamoja, kisha hugusana tena. Mafundi husema gari linamisi, nao hubadili plagi, kisha koili, kisha kabureta hufunguliwa, na fedha nyingi hutumika mbali na mahali penye ugonjwa.

Namna ya kumkamata mwizi huyu ni rahisi. Kipimo cha ohmu huwekwa katika ncha mbili za waya huo, na bamba husukumwa kwa kidole huku na huku, polepole. Sindano ikiruka, amepatikana. Waya wenyewe ukivutwa kwa upole hurefuka kama mpira, kwa kuwa ndani umebaki ngozi tupu. Gharama ya kuubadili ni ndogo, lakini uwekwe waya laini wa nyuzi nyingi sana. Waya mgumu wa taa za nyumbani utakatika kabla ya mwezi kwisha.

Kama waya huo ni mzima, hatua inayofuata ni koili. Ikiwa moto ipimwe ohmu, kisha ipimwe tena asubuhi ikiwa baridi. Njia yake ya kwanza huwa kama ohmu 3 katika koili nyingi za volti 12 zisizo na kizuizi cha nje, na ya pili ohmu elfu kadhaa. Vipimo vikitofautiana kidogo, ni joto tu. Njia ya pili ikitoweka kabisa wakati wa moto na kurudi wakati wa baridi, koili imekatika ndani. Mafuta yanayotoka kichwani mwake ni hukumu tosha. Kondensa ni ngumu zaidi kuihukumu, maana nyingi hushindwa katika joto tu, na ushuhuda wa pointi ndio bora.

Dinamo haina mengi. Brashi zipimwe urefu, na mkanda utazamwe kama umeng'aa kwa kuteleza. Betri inahitaji uvumilivu: iachwe usiku kucha, na asubuhi ikisoma volti 12.6 imejaa. Maji yake yakiwa yamepungua katika vyumba vyote sawasawa, imechajiwa kupita kiasi. Chumba kimoja tu kikipungua, kina ufa au kinakufa. Barabara yenye vimatuta vinavyofuatana kama mawimbi hulegeza kibano cha betri kabla ya kitu kingine chochote, na betri inayorukaruka huvunja vibati vyake vya ndani.

Peugeot 404 ina jambo lake la peke yake. Feni yake ya kupoza maji haizunguki wakati wote. Hushikwa na sumaku ya umeme maji yakipata moto, na kuachiwa yakipoa. Umeme huo huingia kwa njia ya brashi ndogo ya kaboni. Vumbi la njia ya udongo hulimaliza kaboni hilo, na dereva hujua siku injini inapochemka katika mpando wa Webuye, akadhani rejeta imeziba. Brashi hii ipimwe pamoja na zile za dinamo, na swichi ya joto ijaribiwe.

Tumeacha waya za kawaida mpaka sasa, nazo ndizo zenye hatari iliyo kubwa kuliko kusimama njiani. Magari ya miaka ya 1950 na 1960 yana fyuzi chache sana, na waya kadhaa nene hazipiti katika fyuzi hata moja. Ngozi za waya zilizotengenezwa wakati huo zimekauka. Kila mahali waya unapopita katika tundu la bati pana mpira wa kuulinda, na mpira huo ukianguka, mtikisiko wa siku moja hutosha kuupeleka waya mpaka kwenye shaba. Waya wa betri ukigusa bati, hakuna kitakachouzuia kuwaka mpaka betri iishe au gari liungue, na petroli iko hatua moja tu kutoka hapo. Kwa hiyo mkaguzi afuate waya kwa vidole kutoka betri hadi stata, kutoka betri hadi swichi, na nyuma ya bamba la vipimo, akitafuta ngozi iliyong'aa kwa kusuguliwa, iliyolainika kwa joto, au iliyobadilika rangi. Fyuzi nazo zitolewe zitazamwe. Ikipatikana fyuzi iliyofungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, safari ya Nairobi isisemwe tena mpaka ijulikane fyuzi ya asili iliungua kwa nini. Mtu aliyeifunga alikuwa na haraka, na haraka yake sasa imekaa nyuma ya miguu ya abiria.

Yote haya hayana faida kubwa pasipo daftari. Nafasi ya pointi ya 0.33 haisemi neno kama haikuandikwa 0.40 asubuhi. Volti 13.2 za jioni ni nzuri au mbaya kwa kufuatana na zile za alfajiri. Mafundi wa jua kali wa Kitale na Bungoma ni hodari wa mikono kupita wengi wenye vyeti, lakini wengi wao huhifadhi vipimo kichwani, na kichwa cha mtu mwenye magari sita uani hakiwezi kukumbuka milimita saba za mia. Daftari la shule la kurasa arobaini lingetosha motokaa moja kwa miaka mingi: tarehe, mahali, hali ya hewa, vipimo vya kabla, vipimo vya baada, na kilichobadilishwa.

Limebaki swali la vipuri, ambalo hukosewa hata na watu makini. Baada ya ukaguzi mwenyewe hutamani kutupa vitu vyote vya zamani na kuweka vipya. Zamani ushauri huo ulikuwa na maana. Leo pointi, rota na kondensa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari ya namna hii ni nakala, na zimo zinazokufa katika saa ya kwanza. Kondensa ya zamani iliyokwenda Bungoma na kurudi kutwa nzima, na kuacha pointi zikiwa za kijivu safi, imekwisha kuonyesha uwezo wake; ile iliyo katika kisanduku haijaonyesha chochote. Lililo jema ni kuweka kipya garini, kukiendesha siku moja hadi Webuye na kurudi, kukikagua, kisha kukitoa na kukifunga katika karatasi chenye maandishi ya kuwa kimejaribiwa. Hicho ndicho kipuri cha kubeba kwenda Nairobi.

Na motokaa ya mfano wetu ikisha kuwekewa waya mpya katika distribyuta, isibadilishwe kitu kingine siku hiyo. Pointi zilizolika ziwekwe katika nafasi yake na kutiwa grisi, plagi zile zile zirudishwe katika silinda zile zile, na gari literemke tena Bungoma kwa njia ile ile, saa zile zile, lirudi kwa mpando ule ule wa Kamukuywa wakati joto limezidi. Lisipokohoa, vipimo vipya viandikwe chini ya vile vya jana. Likikohoa, koili ndiyo inayofuata.